Upande wa Ndama

Niliondoka Kitengela asubuhi moja ya Julai bila kuwa nimeamua kuondoka. Nilikuwa nimetoka kutafuta mandazi. Mama ninayenunua kwake hakuwa amewasha moto, nikasogea kwa mwingine mbele kidogo, naye alikuwa ameuza yote, nikasogea tena, na nilipoangalia nyuma nilikuwa nimeshapita nyumba za mwisho na punda wanaobeba mitungi ya maji. Mbele yangu kulikuwa na barabara na baridi. Sikuona sababu ya kurudi. Nyumba tuliyokuwa tukijenga ilikuwa imekwisha, wenyewe wamehamia na makochi yao, na kibanda cha simiti nilimokuwa nikilala kilikuwa kinangoja kubomolewa. Vitu vyangu vyote vilikuwa mgongoni. Ukikaa sana kwenye mijengo unajifunza kwenda na mfuko wako hata chooni.

Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nimechuma maua Isinya, nimepakia vitunguu na kukamua ng'ombe Illasit, nimechimba mitaro ya choo Nkoroi. Watu hudhani mtu wa namna hii anakimbia kitu. Mimi sikimbii. Nikishaelewa jambo nalichoka, na nisiloelewa huniwasha mpaka nilifuate. Basi.

Lori lililobeba mbolea ya kuku likanichukua hadi Isinya, na harufu yake ikanifuata hadi kwenye kibanda cha chai. Pale mezani aliketi mwanamke mmoja wa makamo, miwani imepandishwa kichwani, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Mbele yake kulikuwa na sanduku lililo wazi, na kando ya sanduku, karibu na sahani ya chapati, kitu cha plastiki cha rangi ya waridi chenye mikunjo mikunjo.

Mwenye kibanda alikuwa ameshika kiuno.

"Madam, hiyo koliflawa yako toa kwa meza. Watu wanataka kukula."

"Si koliflawa, mama. Ni ubongo."

"Ubongo! Basi toa haraka zaidi!"

Wote tukacheka, hata yule mwanamke mwenyewe. Alipoanza kukirudisha ndani kikaachana katikati, vipande viwili, kimoja kikabingirika kuja upande wangu. Nikakiokota. Niligeuza na kugeuza. Nikamwuliza kama vipande hivyo viwili vinafanana kabisa, kwa sababu kwa macho yangu vilifanana kama viatu.

"Hivi vya dukani wamevifanya vifanane," akasema. "Vyako na vyangu havifanani. Kimoja kimevimba zaidi hapa, kingine pale. Na kazi zao ni tofauti."

"Na nani mkubwa kati yao?"

Aliniangalia vizuri sasa, akateremsha miwani. Alikuwa mtafiti wa ubongo. Daktari, ndiyo, lakini wa vitabu na mashine, si wa sindano. Kazi yake ilikuwa kutazama wazee wanaopoteza kumbukumbu, na hasa kutazama jambo moja: ugonjwa ule wa kusahau mara nyingi hauli nusu mbili za ubongo kwa pamoja. Upande mmoja hutangulia, mwingine hufuata. Yeye alitaka kujua upande upi unatangulia kwa nani, na mtu huyo anaishije wakati huo.

Shida yake ya asubuhi ile ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mkalimani wake wa Kimaasai alikuwa amempeleka mkewe kujifungua. Kuna familia ilikuwa ikimngoja mbele ya Kajiado, na simu aliyokuwa akiongea ilikuwa ya kuahirisha.

"Mimi naongea Kimaa," nikasema. "Cha kuokota, lakini kinatembea."

Hakunikubali hivyo hivyo. Alipiga simu kwa mwenye boma, mtoto wa kiume wa mama mzee anayepimwa, akanipa niongee naye. Tuliongea juu ya ng'ombe na ukame, kisha simu ikarudi kwake, na nikasikia sauti ya mwanaume ikicheka upande wa pili.

"Huyo anaongea Maa kama mbuzi amekabwa na kamba. Lakini nimemwelewa. Mlete."

Tukiwa njiani aliniambia sheria yake. "Usiongeze chumvi. Mama akisema upuuzi, nipe upuuzi. Akinyamaza, nipe kimya. Usimsaidie."

"Na akinitukana?"

"Nipe tusi, lote."

Nilimuuliza maswali mpaka Kajiado mjini, na kutoka Kajiado mpaka tulipokata barabara ya vumbi. Nilitaka kujua kwa nini mkono wa kulia unaongozwa na nusu ya kushoto. Alisema hakuna anayejua vizuri kwa nini nyaya zimepishana hivyo, na jibu hilo nililipenda kuliko yote. Mtu aliyesoma miaka mingi vile kusema hajui! Niliangalia mikono yake kwenye usukani.

Boma lilikuwa na nyumba moja ya mawe yenye paa la mabati, nyumba mbili za zamani za udongo na samadi, na zizi la miiba katikati. Kijana aliyeajiriwa kuchunga alikuwa ameshatoka na ng'ombe. Mwenyewe, yule aliyenicheka kwenye simu, alikuja kutulaki na koti la ngozi na viatu vilivyochongoka. Yeye na familia yake huishi Kitengela, ni dalali wa mashamba, mtu mnene kidogo mwenye haraka ya adabu. Mama yake alikuwa ameketi juani kwenye kiti cha plastiki, shuka mbili mabegani, masikio marefu yametulia juu ya shanga.

Nilimwendea na kuinamisha kichwa kama kijana anavyofanya kwa mkubwa wake, nikamsalimu kama nyanya yangu.

"Takwenya, koko."

"Iko," akajibu, na akaniwekea mkono kichwani.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Nilisikia mwanawe akivuta pumzi nyuma yangu.

"Unaona, daktari?" akasema kwa Kiswahili. "Unaona? Ndiyo hiyo."

Akatuketisha ndani, akatueleza huku chai ikipoa. Ilianza na kusahau kwa kawaida, sufuria motoni, jina la mjukuu. Hayo waliyavumilia. Kisha mwaka huu mama akaanza mambo ya kushoto. Wajukuu wakija likizo anawabariki kwa kushoto, na mke wake aliogopa sana akawatoa watoto pale. Mzee mmoja mkubwa wa ukoo alikuja, mama akampa mkono wa kushoto, mzee akaondoka bila kunywa chai. Na sasa kukamua. Kwao, anayekamua huchukua upande mmoja tu wa kiwele, na upande wa pili ni wa ndama. Mama alikuwa amekamua hivyo maisha yake yote. Siku hizi anazunguka na kwenda upande wa ndama, anamsukuma ndama kwa bega, anakamua hapo. Ng'ombe wanampiga mateke. Upande wake wa zamani anauacha umejaa, na ndama wamekonda mbavu zote nje.

"Mama anayechukua maziwa ya ndama," akasema, "hata mtoto mdogo atakuambia huyo ameisha."

Kwa hiyo alikuwa ameamua. Chumba kilikuwa tayari kule Kitengela, ghorofa ya tatu. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa anakuja kesho asubuhi. Alitaka tu daktari amwambie kwamba hafanyi vibaya.

"Na yeye mwenyewe ameambiwa?" daktari akauliza.

"Nimemwambia. Anasahau. Nikimwambia tena anaumia upya, sasa nimeacha."

Daktari alizungusha kikombe. Akasema kazi yake haikuwa kuamua nani akae wapi, na kwamba picha za kichwa zingepigwa Nairobi baadaye kama familia bado inataka. Leo angefanya michezo midogo tu ya mikono na macho. Nilimwona mwenye boma akishuka mabega. Alikuwa amengoja hukumu, akaletewa michezo.

Tulitoka nje tena. Daktari akatandaza ukanda wa ngozi chini, moja kwa moja, akampa mama ushanga mmoja auweke katikati ya ukanda. Nikatafsiri. Mama akautazama ukanda, akautazama uso wangu, akaweka ushanga katikati bila kusita.

"Mnagawia nani huu ukanda?" akauliza. "Nusu nusu ni fupi. Hata mbuzi hafungiki."

Nikampa daktari maneno yote. Alicheka, na akaandika. Baadaye aliniambia kwamba mtu ambaye nusu moja ya ubongo wake imeacha kutazama upande wake mara nyingi huweka ushanga pembeni, na mama hakuweka pembeni hata kidogo.

Mama aliniuliza mimi ni nani. Nikasema. Baada ya muda akaniuliza tena, na kabla sijajibu akaamua mimi ni mtu wa kudunga ng'ombe dawa, akaanza kunieleza kuhusu kwato. Kisha nikawa mtoto wa mke mwenza. Aliulizwa mwezi, hakujua. Aliulizwa watoto wake, akawataja watatu, akapumzika, akawataja wale wale tena kwa furaha kana kwamba ni wengine. Mwanawe alitazama upande wa zizi.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kupokea vitu. Daktari alishika kikombe mbele ya kifua cha mama, katikati kabisa, kisielekee kulia wala kushoto. Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Kijiko, wa kushoto. Kibuyu kidogo, wa kushoto. Kisha daktari akainuka na kusogea karibu zaidi, ameshika kitana, na kivuli chake kikamfunika mama pale kwenye kiti.

Mkono wa kushoto ulitoka chini ya shuka, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Mama aliutazama mkono wake. Akautazama uso wa daktari juu yake, na haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari, akauficha mgongoni na kunyoosha wa kulia. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mwanamke mzee.

"Yeyo, usinifunge. Nimeutoa huu. Tazama, nimeutoa huu."

Yeyo ni mama. Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari akapiga magoti palepale vumbini ili asiwe juu yake, akampa kitana, na mama akakipokea kwa wa kulia, vibaya, kikaanguka.

Mwenye boma alikuja akachuchumaa mbele ya kiti.

"Yeyo, nani alikufunga?"

"Alinifunga kwa ukanda," mama akasema. Sasa alikuwa akiongea nasi kawaida, kama anayesimulia mvua ya juzi. "Mkono huu, hapa mbavuni. Mpaka ng'ombe warudi. Akasema nani ataoa msichana anayekamua upande wa ndama?" Akacheka. "Nikaolewa lakini."

"Hujawahi kuniambia."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtoto wako."

"Basi sasa unajua."

Daktari alijisogeza kando, mimi nikamfuata, na baadaye mwenye boma naye akaja. Alikuwa amevua koti. Alimuuliza moja kwa moja kama ule ni ugonjwa au si ugonjwa.

"Kusahau ni ugonjwa," daktari akasema. "Hilo nisikufiche. Lakini huo mkono, sidhani. Nahisi alizaliwa wa kushoto, akafundishwa wa kulia kwa nguvu, na sasa lile fundisho linapotea kabla ya kile alichozaliwa nacho. Siwezi kuapa. Hata picha ya kichwa huenda isiniambie."

"Kwa hivyo hakuwa anaiba maziwa ya ndama."

"Alikuwa anakamua tu. Mkono ukibadilika, mwili wote unageuka nao."

Mwenye boma alikaa akikuna kidevu. Ningependa kuandika kwamba aliamua hapo hapo, lakini alipokea simu ya ploti, akabishana na mtu juu ya mpaka kwa muda mrefu akizunguka gari, na aliporudi bado alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ngumu. Akasema hata kama ni mkono, ndama ni ndama. Akasema wakifa wawili watatu, mkono hautawafufua. Na hapo alikuwa na haki.

Daktari akaomba kuona kukamua, kama si kuwasumbua. Tukangoja. Jua lilipolegea ng'ombe wakaingia na vumbi lao na kengele moja, na ndama wakaanza kulia ndani ya kizuizi chao. Mama alikuwa ameshasimama. Hakuuliza mtu yeyote jambo lolote. Alichukua kibuyu, akakinusa ndani, akaenda.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa mkubwa, mwenye pembe moja iliyovunjika. Mchungaji alimleta ndama wake, ndama akaanza kunyonya upande wake, na mama akazunguka akaja kwa huyo huyo ndama, kibuyu mkono wa kulia, akamsukuma kwa bega. Ng'ombe akapiga teke. Mama akamtukana tusi zuri nililompa daktari lote, akajaribu tena. Teke jingine.

"Mwondoe ndama," mwenye boma akamwambia mchungaji. "Mlete huku, upande wa yeyo wa zamani. Wabadilishane."

Ndama hakuwa na shida; ndama mwenye njaa hajali. Lakini ng'ombe alikataa. Amekamuliwa upande mmoja tangu uzao wake wa kwanza, hakutaka mkono wa mtu kule kwingine. Alizunguka mpaka kamba ikamkaba mchungaji kwenye paja. Mwenye boma akavua viatu vyake vilivyochongoka, akavirusha nje ya uzio, akaingia kwenye samadi na soksi. Walijaribu wa pili, mwekundu. Yule naye akakataa. Daktari alisimama kwenye mlango wa zizi, kalamu kwenye nywele, haandiki.

"Lete yule mweusi mdogo," akasema mwenye boma.

"Huyo mtamba amezaa juzi mara ya kwanza, hajazoea mtu," mchungaji akajibu.

"Ndiyo nasema. Hajazoea upande wowote."

Alimshika ndama mwenyewe, akampeleka upande ule ambao kwa miaka yote ulikuwa wa kibuyu. Mama akaja kwa upande mwingine, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa yule mtamba, akaanza kunong'ona jambo nisilolijua. Mtamba alitetemeka ngozi. Aliinua mguu, akaushusha. Kisha tukasikia maziwa yakigonga kibuyu, kwanza kidogo kidogo, baadaye kwa mfululizo, mkono wa kushoto ukienda kwa wepesi ambao sijauona kwa mkamuaji yeyote, na mimi nimeona wengi. Ndama akanyonya kwa amani upande wa pili, mkia ukicheza.

Mwenye boma alibaki ameinama vile vile, mkono juu ya mgongo wa ndama. Alipoinuka alitafuta simu kwenye mfuko wa shati, akasogea mbali nasi hatua kidogo.

"Boss, kesho usikuje," nikamsikia akisema. "La. La, sijapata bei nyingine. Wewe sikia kwanza. Yeyo bado anakamua." Kelele za mnunuzi zilifika hadi kwetu. Akaziacha ziishe, akasema samahani, akakata.

Hilo halikumaliza mambo. Wale ng'ombe wazima walisimama na viwele vimejaa, na hawangekubali mama. Mchungaji alisema wazi kwamba yeye ni mwanaume na hakamui. Jirani aliyewahi kusaidia alikuwa amehamia kwa bintiye. Na mtu alihitajika wa kumwonyesha mama ng'ombe wake ni yule mweusi, kila asubuhi na kila jioni, bila kuchoka kumwambia.

"Mimi naweza kukamua," nikasema.

Mwenye boma alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwanaume akamue? Watu watasema."

"Mimi si wa hapa. Waseme."

"Utakaa mpaka lini? Watu kama wewe nawajua, leo uko, kesho uko Namanga."

"Sijui," nikamwambia, kwa sababu sikujua. "Mpaka hao wengine wajifunze kubadilisha upande, au mpaka mtamba mwingine azae. Nataka kuona kama koko atawezana na wa pili."

Daktari aliniambia nimpigie kila wiki, nimweleze mkono upi, saa ngapi, na kama kuna siku ule wa kulia unarudi. Alimshukuru mama kwa mikono yake yote miwili, mama akamuuliza ana watoto wangapi na kwa nini mumewe anamwacha azurure, kisha gari likaondoka kabla giza halijaingia. Nikakamua yule wa pembe iliyovunjika upande wake aliouzoea. Sikuwa nimekamua tangu niondoke Illasit na vidole viliniuma. Mama alisimama nyuma yangu muda wote. Aliamua kwamba mimi ndiye mnunuzi.

"Maliza uende kwenu," akaniambia. "Hawa hawauzwi."

"Ndiyo, koko. Nimesikia."

Mwenye boma alinipeleka kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya mawe. Kulikuwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe, jembe, pikipiki isiyo na gurudumu la mbele, na kitanda cha mbao kilichojaa magazeti. Tukayatoa magazeti. Akaniletea blanketi na godoro ambalo, nilielewa, lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya ghorofa ya tatu. Plastiki yake bado ilikuwa imefungwa. Mlango haukushika, ulitaka jiwe. Na pale pembeni, juu ya gunia, kulikuwa na kuku ameketi, akatutazama kwa jicho moja bila kuhama.

"Huyo anataga hapo," akasema. "Ni wa yeyo. Usimfukuze, atakuuliza."

Nikachana plastiki, nikatandika, nikatafuta jiwe.